Muuza magazeti aliyekosa ukurasa

Mwaka 2012 Tanzania ilizika watu watatu ambao kila mmoja alikuwa mtu wa habari kwa namna yake. Wa kwanza aliandikwa: Steven Kanumba, nyota wa Bongo Movie, aliyefariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Aprili 7, akiwa na miaka 28. Mwingine aliandika: Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa, aliyeuawa Septemba 2 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, polisi walipokuwa wakizuia shughuli za CHADEMA. Katikati yao, Agosti 27, polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa chama hichohicho mjini Morogoro, aliuawa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuza magazeti. Staa, mwandishi na muuzaji. Ukitaka kujua vyombo vyetu vya habari vinampimaje mtu aliyekufa kifo cha kikatili, huhitaji kwenda mbali kuliko kurasa zilizotoka kati ya Aprili na Septemba mwaka ule.

Kanumba aliagwa katika viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni Aprili 10, mbele ya umati ambao jiji lilikuwa halijauzoea kwa mtu asiyekuwa kiongozi wa nchi. Watu walizimia. Redio zilitangaza moja kwa moja, na magazeti ya udaku yakachapa na kuchapa tena. Sina ugomvi na msiba ule. Kijana aliyetoka Shinyanga akaifanya sinema ya Kiswahili ipendwe hadi Kongo na Rwanda alistahili kuliliwa. Mwangosi naye alililiwa, na kwa kishindo cha aina nyingine: waandishi waliandamana, wakamkatalia waziri wa Mambo ya Ndani kuzungumza katika mkusanyiko wao Jangwani, na Baraza la Habari Tanzania pamoja na Jukwaa la Wahariri wakafanya uchunguzi wao wenyewe na kutoa ripoti. Picha zilizopigwa katika dakika zake za mwisho, zikimwonyesha kati ya askari, zilisambaa nchi nzima. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kumuua bila kukusudia. Waandishi walimlilia mwenzao na wakaifuata kesi yake kwa miaka minne hadi hukumu. Ndivyo inavyotakiwa, na ndiyo sababu kifo cha muuza magazeti kinasumbua zaidi, kwa kuwa hatuwezi kusema kwamba waandishi wetu hawajui kazi. Wanaijua.

Muuza magazeti yule hakunyimwa habari kabisa. Kifo chake kiliandikwa, lakini kiliandikwa ndani ya mvutano wa wakubwa. Polisi walikuwa na maelezo yao kuhusu kilichomuua, CHADEMA walikuwa na yao, na kila habari ilimtumia yeye kama jiwe la kurushia upande wa pili. Siku sita baadaye likaja la Nyololo, na kamera zote zikahamia huko. Waliobaki na marehemu ni nduguze. Jina lake sitalitaja hapa. Lilichapishwa wakati ule bila mtu kuiuliza familia kama inapenda, na makala ya leo haina sababu ya kurudia hilo. Ninachodai kwa niaba yake ni kazi ileile aliyofanyiwa Mwangosi, ya mwandishi kurudi baada ya wiki moja, baada ya mwezi, baada ya mwaka, na kuuliza uchunguzi umefikia wapi. Hilo ni jambo tofauti na umaarufu.

Hoja yangu ni hii. Chombo cha habari kilichozoea kuuza mastaa hufika mahali kikawa na mizani moja tu, ya nani anajulikana, na mizani hiyo haiachwi nyumbani habari ya mauaji inapoingia chumba cha habari. Aliyeuawa akiwa maarufu, anageuzwa tamasha. Akiwa si maarufu, anatafutwa mtu maarufu wa kumwegemeza: kigogo anayetuhumiwa, mwanasiasa aliyekwenda kuhani, msanii aliyeposti rambirambi. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, marehemu anabaki mistari minne ukurasa wa ndani. Katika hali zote tatu swali lenyewe halipati mwenyewe: huyu mtu aliuawaje, na waliobaki wanadai nini?

Mkoa wa Morogoro una ushahidi mwingi wa hali ya pili kuliko pengine popote nchini. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, wilayani Ulanga, walisafiri kwenda Dar es Salaam kwa shughuli zao za vito. Pamoja na dereva wa teksi, walikamatwa na polisi, wakapelekwa msitu wa Pande na kupigwa risasi. Habari za mwanzo zilikuja kutoka polisi wenyewe, zikisema waliouawa ni majambazi, na vyombo vingi vilizipokea hivyohivyo. Watu wanne waliingia katika habari za taifa kwa mara ya kwanza wakiwa wahalifu. Ndugu na wenyeji wao walipopiga kelele, Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ikathibitika kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Polisi kadhaa wakafikishwa mahakamani, miongoni mwao Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam. Tangu siku ile shauri hilo likaitwa kesi ya Zombe, na linaitwa hivyo hadi leo. Watu waliofuatilia magazeti miaka ile wanakumbuka alivyoingia mahakamani, alivyoongea na waandishi, alivyoshangiliwa na kuzomewa. Mahakama Kuu ilimwachia huru mwaka 2009 pamoja na wenzake. Serikali ikakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mshtakiwa mmoja tu, Christopher Bageni, huku Zombe na wengine wakibaki huru. Kwa hiyo kesi ya mauaji ya watu wanne inajulikana kwa jina la mtu ambaye mahakama mbili zimesema hana hatia. Marehemu hawakupata haki yao katika hilo, na Zombe pia hakuipata.

Msomaji aliyesoma sheria atanikatiza hapa. Atasema mashauri ya jinai hubeba jina la mshtakiwa kwa utaratibu wa mahakama, Jamhuri dhidi ya fulani na wenzake, na kwamba mwandishi hana mamlaka ya kuibadilisha rejista. Ni kweli, na sababu yake ni nzuri: anayekabiliwa na adhabu ndiye anayepaswa kutajwa, ili ajulikane anashtakiwa kwa lipi. Lakini gazeti si rejista. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mhariri kuandika kichwa cha habari kwa mpangilio wa karani wa mahakama. Angeweza kuandika mauaji ya wafanyabiashara wa Mahenge, na yako magazeti yaliyoandika hivyo, hasa mwanzoni. Kilichowashinda ni mvuto wa kigogo kizimbani. Afrika Kusini walipita njia hiyohiyo. Reeva Steenkamp alipigwa risasi na mpenzi wake, mwanariadha Oscar Pistorius, Februari 14, 2013, na dunia nzima ikafuatilia kesi ya Oscar kana kwamba ni mashindano mengine ya mbio zake. Gazeti moja la udaku la Uingereza kesho yake lilimweka marehemu ukurasa wa mbele akiwa na nguo ya kuogelea. Mwanamke alikuwa amekufa kwa muda usiofika siku mbili.

Turudi kwa Kanumba, kwa sababu shauri lake linaonyesha kwamba hata umaarufu haumwokoi aliyekufa wala aliyeshtakiwa. Msichana aliyekuwa naye chumbani, Elizabeth Michael, ambaye watazamaji walimjua kwa jina la Lulu tangu akiwa mtoto katika michezo ya runinga, alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji, kisha shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia. Utetezi ulisema alikuwa hajatimiza miaka 18, na suala la umri wake likapandishwa hadi mahakama za juu. Hapo palikuwa na mambo mawili mazito ya kuandika. La kwanza ni kwamba nchi ilikuwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayolinda faragha ya mtoto aliye mbele ya mahakama, na umri wa mshtakiwa ulikuwa unabishaniwa. Hata hivyo sura yake ilikuwa kwenye kila kibanda cha magazeti. La pili lilikuja kwenye ushahidi wake wa mwaka 2017, alipoieleza mahakama kwamba usiku ule alipigwa, kwa sababu ya simu. Mahakama ilipima maelezo yote ikamtia hatiani, na Novemba 13, 2017 akahukumiwa miaka miwili. Hukumu hiyo siipingi wala kuitetea. Ninachosema ni kwamba shauri zima lilihusu ugomvi wa wapenzi ulioishia kwenye kifo, na mmoja wao alikuwa msichana mdogo kwa umri. Nchi ambayo polisi wake hutangaza kila mwezi mauaji ya namna hiyo ingeweza kujifunza mengi hapo. Badala yake tulisomeshwa alivaa nini, alilia saa ngapi, na nani wa Bongo Movie alikuja kumsindikiza. Mama wa marehemu, mzazi aliyezika mwanawe, alifuatwa na vipaza sauti kwa miaka mingi aseme kama amemsamehe, kama anapokea simu, kama bado wanaelewana. Kila jibu lake likawa habari mpya. Kufiwa kwake kukageuzwa mfululizo wa vipindi.

Inasemwa, na hoja hii ina uzito, kwamba umaarufu hufungua milango ambayo ukatili dhidi ya watu wa kawaida ungegonga bila kufunguliwa. Mfano wake uko Kenya. Agnes Tirop aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, wiki chache tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee kule Ujerumani. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuwashwa moto. Aliyetajwa kufanya hivyo alikuwa mpenzi wake wa zamani. Bila sifa za wanawake hawa dunia isingegeuza shingo kuangalia mabonde ya Kenya yanayofuga wakimbiaji na wanaume wanaowawinda kwa ajili ya fedha zao za zawadi. Nakubali. Lakini tuangalie nani aliyeugeuza umaarufu huo kuwa kitu cha kudumu. Tirop's Angels, taasisi inayowasaidia wanariadha wanaoishi na wapenzi katili, ilianzishwa na watu waliomfahamu, wanariadha wenzake na ndugu. Wao ndio waliobaki Iten kamera zilipoondoka. Umaarufu ulifungua mlango. Kuingia ndani na kukaa kulihitaji watu waliokuwa na habari na maisha yake, si na medali zake. Vyombo vya habari vinavyojitetea kwa mfano huu vinajivisha kazi iliyofanywa na wengine.

Morogoro nayo imewahi kuona kamera zikija. Juni 2013 mji ulifurika wakati msanii wa Bongo Fleva Albert Mangweha, Ngwair, aliyefia Afrika Kusini, aliporudishwa kuzikwa Kihonda. Kifo chake hakikuwa cha jinai na simlinganishi na mtu. Nataja tu kwamba barabara ya kutoka Dar es Salaam ilipitika siku ile kwa kila chombo cha habari chenye gari, na ilikuwa barabara ileile miezi tisa kabla, muuza magazeti alipouawa.

Utetezi wa pili ni wa soko, na ndio unaosikika zaidi kwenye vyumba vya habari: wasomaji ndio wanaotaka. Staa anauza, maskini hauzi. Kwa anayetazama kibanda cha magazeti asubuhi, hoja inaonekana haipingiki. Watu wamesimama mbele ya kurasa zilizobanwa kwa vibanio, wanasoma vichwa vya habari bila kununua, na vichwa vyenye mastaa ndivyo vinavyowakusanya. Lakini msomaji anachagua katika kilichotundikwa. Mwaka 2024 kulikuwa na kipimo kizuri cha soko hili. Agosti ilisambaa video ya vijana wakimbaka msichana wa Yombo Dovya, Dar es Salaam. Hakuwa staa, na jina lake halikujulikana na umma. Nchi nzima ilifuatilia shauri lake hadi Septemba 30, wakati mahakama Dodoma ilipowahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha. Watu walitaka kujua. Hamu ya msomaji kumbe haiishii kwa mastaa, na kinachokosekana ni mhariri wa kuipa chakula.

Shauri hilohilo linaonyesha pia kwamba kuonekana na kuheshimiwa ni mambo mawili. Mahakama ilisikiliza kesi faraghani na kulificha jina la msichana. Simu zetu zilikuwa zimekwisha kuipitisha video yake kutoka kundi hadi kundi, mara nyingi kwa mikono ya wale wale walioandika chini yake kwamba inasikitisha. Kamanda wa polisi wa Dodoma wakati huo alinukuliwa akimweleza binti kana kwamba alikuwa akijiuza, na baada ya kelele akaondolewa katika nafasi hiyo. Kauli ile haikutoka hewani. Ni swali la udaku likiulizwa na mtu mwenye magwanda: alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anatembea na nani, alivaa nini? Miaka ya kurasa za mastaa imetufundisha kwamba maisha ya faragha ya mtu ni mali ya umma mara tu jina lake linapotajwa. Staa anaweza kucheza na hilo, hata kulitumia kutafuta kiki. Aliyebakwa au aliyeuliwa ndugu yake hana kiki ya kutafuta.

Kuna kisingizio kingine ambacho hakisemwi hadharani, na kwangu hiki ndicho kikubwa: gharama. Habari nyingi za mauaji mikoani haziletwi na mwandishi aliyekwenda kwenye tukio. Zinatoka kwenye taarifa ya kamanda wa polisi wa mkoa, na taarifa hizo zina sura moja unayoweza kuikariri. Mtu mmoja, umri wake, mkazi wa kijiji fulani, ameuawa kwa kukatwa na kitu chenye ncha kali, chanzo kinadaiwa kuwa wivu wa mapenzi, au mgogoro wa shamba, au imani za kishirikina, msako unaendelea. Au ameuawa na wananchi wenye hasira kali wakimtuhumu kwa wizi. Maneno haya yakichapwa kama yalivyo, kazi yote ya uandishi imeachiwa polisi. Wivu wa mapenzi unamwandika muuaji kwa huruma, maana anaonekana alipenda mno. Hasira kali inawaondolea jina watu kumi waliobeba mawe, na neno wizi linamhukumu marehemu bila hakimu. Kila mwaka ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huorodhesha waliouawa na makundi ya watu, na kuna miaka idadi imefika mamia. Ni wangapi kati yao tumewahi kusoma kama waliiba kweli?

Sasa mpeleke mwandishi huyo Uluguru. Mauaji yametokea kijiji cha juu kule Kinole au upande wa Mgeta, mahali ambapo nauli ya bodaboda wakati wa masika inapanda kama mlima wenyewe, na sehemu ya mwisho ni ya miguu kati ya migomba. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka, na habari ya mistari minne hailipi hata nauli ya kwenda. Familia ya marehemu haina posho ya kumpa. Semina ya mjini inayo, na mkutano wa mbunge unao. Anakaa mjini, anaandika aliyoambiwa na polisi, na hatujui kwamba ugomvi wa shamba ule ulikuwa na historia ya vizazi viwili, kwamba katika ardhi ya Waluguru, inayofuata ukoo wa mama, mjane na watoto wa marehemu wanaweza kujikuta upande wa wageni, na kwamba baraza la ardhi lilipelekewa lalamiko mapema. Hayo ndiyo mambo ambayo yangeweza kuzuia mauaji yanayofuata. Kanda ya chini ya mkoa iko hivyohivyo. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Idadi hiyo imebaki kwenye vitabu na hotuba kwa miaka zaidi ya 20. Walikuwa watu 38, kila mmoja na kaya yake, na umma unakumbuka tarakimu.

Simlaumu mwandishi wa mkoani. Mara nyingi yeye ndiye pekee anayetaka kupanda mlima. Lawama ni ya meza ya Dar es Salaam, inayopata gari na mafuta ya kumfuata msanii anayeposa na haipati nauli ya Kinole. Fedha zipo, zimepangwa kwa mizani ile niliyoieleza. Sisemi pia kwamba kila marehemu apewe ukurasa wa mbele, wala kwamba familia zote zinataka kuandikwa. Nyingi hazitaki, na kukataa kwao kuheshimiwe. Dawa yenyewe ni ndogo na haihitaji sheria mpya. Kila chumba cha habari kiwe na daftari la mauaji yaliyoripotiwa, na kila shauri lirudiwe kwa tarehe iliyopangwa, mtuhumiwa amekamatwa au la, jalada limefika kwa mwendesha mashtaka au limekwama. Msemo wa polisi usichapwe bila kuulizwa upande wa familia, hata kwa simu. Kichwa cha habari kianze na aliyedhulumiwa. New Zealand, watu 51 walipouawa misikitini Christchurch mwaka 2019, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliapa kutolitaja jina la muuaji, na vyombo vingi vya nchi yake vikaufuata mfano huo kwa kiasi kikubwa. Havikufilisika.

Kuna watakaosema daftari la namna hiyo ni ndoto kwa gazeti linalopunguza watu kila mwaka huku matangazo yakihamia kwenye simu. Huenda. Lakini sehemu ngumu ya kazi imekwisha kufanywa na mahakama. Mjini Morogoro kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambako mashauri ya mauaji ya mkoa huu husikilizwa hadharani, na hukumu za Mahakama Kuu huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII ambako mtu yeyote anazisoma bure. Ndani yake kuna ushahidi wa mashahidi, maelezo ya daktari, kauli za watu waliomwona marehemu mara ya mwisho. Habari nzima, kutoka milimani hadi Kilombero, bila nauli ya bodaboda. Mhariri anayesema hana fedha za kuwafuata waliouawa aanze na kuzisoma hizo, Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua kurasa za mastaa Instagram.